Je, mtoto asiyeweza kusema anafaidika kwa kusemeshwa?

Baba wa Wete: Assalaam alaykum. Binti yetu ana miezi minane. Msimu huu wa karafuu mimi na mama yake hutoka alfajiri, naye hubaki na bibi yake hadi alasiri. Bibi ni mpole na mtoto hushinda ameshiba, ila humlaza juu ya jamvi huku yeye akichambua karafuu, wala hamsemeshi, kwa kuwa anaamini kwamba mtoto wa umri huo hajui kitu. Mke wangu anachelea kwamba mtoto atachelewa kusema, tena atamzoea bibi na kumsahau mama. Je, hofu hizo zina msingi? Sipendi kumvunjia mama yangu heshima kwa jambo la kudhania.

Mwalimu wa maandalizi, Chake Chake: Wa alaykum salaam. Mtoto huyo hasemi, lakini hugeuza shingo, hucheka, hunyoosha mkono na kulalama, na kila anayemjibu humfunza kwamba sauti yake inasikika na kwamba mazungumzo huenda kwa zamu. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwataka kina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wawatazame kwa dakika chache bila kusema wala kubadilisha uso. Watoto walitabasamu na kuhangaika ili kumrejesha mama mchezoni, na waliposhindwa waligeuza nyuso zao. Kwa hiyo hilo la "hajui kitu" silikubali hata kidogo.

Mkunga mstaafu, Mkoani: Ni kweli, lakini bibi asitwishwe lawama. Mary Ainsworth, aliyewachunguza watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, alikuta watoto waliolelewa na watu kadhaa na bado wakawa na mapenzi ya dhati kwa mama zao. Kilichowatofautisha zaidi ni jinsi mama alivyozielewa ishara za mtoto wake. Mkeo asiogope kusahauliwa, bora arudipo alasiri ampakate na kumsikiliza kabla ya kushika kazi nyingine. Bibi naye si lazima aache kazi yake: amwoneshe karafuu na kikonyo, amtajie, asubiri mtoto atoe sauti, kisha amjibu. (Jamvi lisogezwe mbali kidogo na karafuu zenyewe, kwani punje moja yatosha kumkaba.)

Mjumbe wa Micheweni: Sisi tulizaliwa tisa, hakuna mtu mzima aliyekaa kutusemesha, na sote tumesoma.

Mkunga mstaafu, Mkoani: Ndugu yangu, mlisemeshwa na wakubwa zenu waliowabeba mbelekoni na kuwachezesha uani kutwa nzima. Binti huyu hana kaka wala dada, na kuanzia asubuhi mwenzake ni bibi peke yake.

Baba wa Wete: Nawashukuru nyote. Jana nilirudi mapema nikamkuta bibi akimwogesha huku akimwimbia, akinyamaza kila mtoto alipopiga kelele, kisha akiendelea. Nilipomwambia kwamba huko ndiko kumsemesha kwenyewe, alinijibu kwamba yeye alikuwa anamwogesha tu.