Naomba ushauri: nifanyeje ili majarida ya treni za mfano yaipe nafasi skeli ya S?

Wakuu, habari zenu. Ninaishi Marekani na ninaunda treni za mfano kwa skeli ya S, yaani 1:64 (kila kitu ni kidogo mara 64 kuliko cha kweli). Skeli hii ilivuma baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya A.C. Gilbert ilipoanza mwaka 1946 kuuza treni za kuchezea za American Flyer zinazopita kwenye reli mbili, huku washindani wao Lionel wakibaki na reli tatu. Leo majarida yamejaa skeli ndogo zaidi, HO (1:87) na N (1:160).

Mimi nimeipenda S kwa ukubwa wake. Behewa la futi 40 linakuwa na urefu wa sentimita 19 hivi, kwa HO ni 14 tu. Ngazi na vishikio vinaonekana vizuri, na bado njia nzima inaenea chumbani.

Nilimtumia mhariri wa jarida moja makala ya jinsi nilivyojenga stesheni ya mbao. Akanijibu kwa upole kwamba wasomaji wake wengi ni wa HO. Iliniuma, maana kukata mbao na kupaka rangi ni kulekule kwa skeli zote.

Mliowahi kuandikia majarida, nisaidieni. Nitangulize picha nzuri, S niitaje kwa kupita tu? Au niitetee waziwazi tangu aya ya kwanza? Nawaza pia kuchora ramani yenye vipimo vya S na vya HO pamoja, ili yeyote aweze kujenga. Mhariri akiona hivyo atalainika?