Matundu ya vifungo gauni la kitenge mbele mpaka chini, napimaje? Na cherehani haina zigizaga

mama_pindo
Habari zenu mafundi. Nina gauni la mteja la kitenge, mtindo wa shati, limefunguka mbele kuanzia kola mpaka chini ya goti. Kola tayari, mikono tayari, pindo tayari, bado vifungo tu na hapo ndo nimekwama. Vifungo kaleta mwenyewe, vya duara milimita 15 na vina unene kidogo sio bapa. Mteja ana kifua kikubwa na ameshaniambia kabisa hataki nguo ile ya kuachama kati ya kifungo na kifungo, ukikaa watu wanaona sidiria. Sasa nagawaje? Naona wengi wanachukua urefu wote wanagawanya sawasawa basi. Tundu liwe refu kiasi gani, lisimame au lilale? Na kubwa kuliko yote, cherehani yangu ni Butterfly ya miguu, mshono mmoja ulionyooka basi, ule wa kwenda kulia kushoto haina. Huwa napeleka kwa jamaa mjini mwenye mashine ya kutobolea ila sasa hivi mashine yake imekufa na mzigo unatakiwa ijumaa. Nisaidieni jamani.

fundi_mbagala
Dada usianzie shingoni na usigawanye urefu wote, huko ndo nguo zinakoachama. Alama ya kwanza weka kifuani, pale kifua kinapotokeza zaidi. Mvalishe mteja kama unaweza, bana mbele kwa pini, umwambie akae na anyooshe mikono mbele kama anaendesha gari, utaona kitambaa kinavutika wapi, hapohapo piga chaki. Ukishapata hiyo ndo upime kutoka hapo kwenda kolani ugawanye, halafu nafasi hiyohiyo ushuke nayo. Kawaida shati linakaa sm 8 mpaka 9 kati ya kifungo na kifungo, kwa mama mwenye kifua mimi ningebana iwe 7. Kama atavaa mkanda hakikisha hakuna kifungo kinachoangukia chini ya bako la mkanda (kile chuma cha kufungia), kinaumiza na kinatuna, sogeza kimoja kipite juu kidogo na kingine chini. Cha mwisho kabisa usikiweke karibu na pindo, acha kama sm 12 au hata zaidi ili atembee vizuri na apande daladala bila kuchana kitu.

Lingine, nguo ya kike upande wa kulia wa mvaaji ndo unakuja juu, kwa hiyo matundu yanakaa kulia na vifungo kushoto. Ya kiume kinyume chake. Najua unajua ila nimeona mafundi wakubwa wanachanganya wakiwa wameitandika nguo mezani.

Na kama gauni lenyewe limembana kifuani hata uweke vifungo ishirini litaachama tu, hapo ni kufumua mbavuni.

mama_pindo
Asante fundi. Halijambana, kuna nafasi ya kutosha. Hapo kwenye kusimama au kulala vp?

fundi_mbagala
Mashati yote yanasimama, isipokuwa lile la kwenye bendi ya kola ndo linalala. Simamisha tu.

kombo_wa_darajani
Napingana kidogo na fundi hapo juu. Tundu la kusimama ni zuri kwa shati la kiume kwa sababu ukanda wa mbele, pale vifungo vinapokaa, ni mwembamba na kifua hakivuti. Kwa mama huyu mvuto unakwenda pembeni, kulia na kushoto, na tundu la kusimama likivutwa pembeni linafunguka mdomo na kifungo kinateleza juu chini mwisho kinachomoka. La kulala kifungo kinakwenda mpaka mwisho wa tundu kinakita hapo, hakiendi tena. Ndo maana makoti mengi yanalala. Kama ukanda wako una upana wa sm 3 na kuendelea mimi ningelaza yote, na mwanzo wa tundu usiwe juu ya mstari wa kati wa mbele ya nguo bali upitilize milimita 3 kuelekea ukingoni, hizo milimita 3 ndo nafasi ya shina la kifungo. Kifungo chenyewe kinashonwa juu ya mstari wa kati palepale.

Urefu wa tundu usikisie. Kata kipande cha karatasi chembamba, zungushia kifungo kikaze, bana kwa kucha pale kinapokutana, kivue, kikunje katikati kiwe nusu, huo ndo urefu. Unakuwa umepata upana wa kifungo pamoja na unene wake kwa mpigo mmoja. Kwa vifungo vyako nadhani itakuja milimita 18 au 19.

fundi_mbagala
Kwa ukanda mpana sawa nakubali. Tatizo kitenge cha maua makubwa matundu ya kulala yanaonekana sana kama uzi haujaoana.

mama_pindo
Ukanda ni sm 3.5 na nimeweka gamu ile ya kubandika kwa pasi. Sasa kutoboa kwenyewe??

wanjiku_stitches
Sasa mama, mimi niko Nairobi, hiyo shida ya mashine ya straight tuliimaliza na kile kifaa cha kutoboa cha kufunga badala ya futi (kile kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano). Singer walitengeneza miaka mingi na kinaingia kwa hizi mashine za miguu zenye shingo fupi ya kufungia futi, kina mkono unaokaa juu ya skrubu ya sindano, sindano ikipanda na kushuka kifaa ndicho kinasukuma kitambaa kulia kushoto na kukizungusha, hivyo mashine haihitaji zigizaga yake. Lazima tu ufunike meno ya chini yanayosukuma kitambaa na kile kibati chake, ama kitambaa kitavutwa pande mbili. Vya mtumba hupatikana kwa wale wanauza spea za cherehani, ulizia. Lakini kabla ya Ijumaa sijui kama utapata, so hii yako fanya kwa mkono. Jaribu kwa kipande kwanza, kitenge hichohicho, tabaka zilezile na gamu ndani, usijaribu kwa kitambaa kimoja ati kinafanana.

kombo_wa_darajani
Mkono ndo wenyewe. Huku kwetu Unguja kina mama wanaodarizi kofia wanazungushia uzi vitobo vidogo kuliko punje ya mtama na kofia inafuliwa miaka haifumuki, sasa tundu la kifungo litatushinda?

Fanya hivi. Chora mstari wa tundu kwa chaki iliyochongwa, kisha na hiyo cherehani yako ya mshono ulionyooka piga kijisanduku kukizunguka, hatua fupi kabisa, milimita 2 kutoka kwenye mstari kila upande. Hicho kijisanduku kinashika tabaka zote zisitengane. Halafu ndo ukate, maana wa mashine hushona kwanza akakata lakini wa mkono hukata kwanza akashona. Choma pini kwa kukingama kila mwisho wa tundu, kata kwa wembe mpya kutoka katikati kwenda kwenye pini, ukifika pini inakuzuia.

Uzi mbili, upitishe kwenye mshumaa usivurugike. Sindano inaingia kwenye tundu inatokea nje kidogo ya kijisanduku, kabla hujaivuta chukua uzi ulioko kwenye jicho la sindano upitishe chini ya ncha, ndo uvute kuelekea kwenye tundu, kifundo kikae juu kabisa ya ukingo. Vifundo vigusane visipandane. Upande wa ukingoni, pale kifungo kinapokita, zungusha kama mwale wa jua, upande wa ndani funga kwa kijiti cha mishono mitatu minne kukingama. La kwanza litakuudhi.

mama_pindo
Nimelifanya moja kwenye kipande, linapendeza sijategemea. Uzi rangi gani? Kitenge kina buluu ya usiku, njano na nyekundu.

fundi_mbagala
Buluu, rangi ya ardhi ya kitenge, ile iliyo nyuma ya maua. Usifuate ua, maana kila tundu litaangukia rangi yake.

Na ukifika kwenye kushona vifungo, vile ni vinene halafu tabaka zako nne na gamu, ukikikaza moja kwa moja kitambaa cha juu hakipati pa kukaa, kinakunjamana. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona uzi ukipita juu yake, vuta njiti, inua kifungo, zungusha uzi chini yake mara nne tano kisha ndo ufunge kwa nyuma.

wanjiku_stitches
Na kile cha kifuani ongezea kikifungo kidogo cha bapa kwa nyuma, mshono upite vyote viwili, ndio kikivutwa kisitoke na kipande cha kitenge.