Nadal 112-4: kipigo cha tano kiko wapi?

Mkwezi: Ndugu wapenzi wa tenisi, naomba kueleweshwa. Nimesoma kwamba rekodi ya Rafael Nadal katika mashindano ya Roland Garros, kule Ufaransa, ni 112-4. Najua sasa kuwa hizo ni mechi alizoshinda na alizoshindwa, ingawa kwa mazoea ya kandanda nilidhani ni seti, yaani vile vipande vinavyounda mechi moja. Hata hivyo hesabu inanigomea: alishiriki mara 19, akatwaa kombe mara 14, na kwa kuwa mashindano ni ya mtoano, kila asiyetwaa kombe lazima awe ametolewa na mtu. Kipigo cha tano kimekwenda wapi?

Kipanga: Hesabu yako haina kosa, ila mwaka 2016 Nadal hakutolewa na mtu. Alishinda mechi mbili, kisha akajitoa kabla ya raundi ya tatu kwa sababu ya jeraha la kifundo cha mkono. Mechi ambayo haikupigwa hata mpira mmoja haiandikwi upande wowote: mpinzani huvuka raundi bila kuongezewa ushindi, naye aliyejitoa haongezewi kipigo. Vile vinne alivipata kwa Robin Söderling mwaka 2009, Novak Djokovic mwaka 2015 na 2021, na Alexander Zverev mwaka 2024.

Raketi Kuukuu: Niongeze kidogo, maana hapa ndipo wengi hukanganyikiwa. Mchezaji akiumia mechi ikiwa imekwisha kuanza, akashindwa kuendelea, huandikiwa kushindwa hata kama alikuwa anaongoza, na mwenzake hupata ushindi kamili.

Mkwezi: Nashukuru sana. Basi mwenye ushindi sawa na vipigo ni mchezaji dhaifu?

Kipanga: Hata kidogo. Roland Garros huanza na wachezaji 128, na 64 kati yao hurudi nyumbani bila ushindi wowote. Kwa hiyo anayeishia raundi ya pili kila aendako ana rekodi ya nusu kwa nusu, lakini amekwisha kuwapita wengi. Isitoshe, orodha ya ubora hupangwa kwa pointi, si kwa uwiano huo, na bingwa wa Roland Garros huvuna pointi 2,000.

Raketi Kuukuu: Na vipigo havina uzito mmoja. John McEnroe alimaliza mwaka 1984 akiwa na 82-3, mwaka ambao wazee wa tenisi hawachoki kuusimulia, lakini kimojawapo cha hivyo vitatu kilikuwa fainali ya Roland Garros dhidi ya Ivan Lendl, baada ya kuongoza kwa seti mbili. Kombe hilo hakulipata kamwe.