Mrejesho: kesi ya deni kwenye mahakama ya biashara

Wakuu, niliuliza kama mahakama ya biashara ina kasi kweli au ni jina tu, maana mteja alichukua mzigo akagoma kulipa. Nilifungua huko. Kikao cha kwanza tu jaji alishasoma jalada, akapanga tarehe zote palepale: kubadilishana nyaraka, usuluhishi, kusikilizwa. Wakili wa upande wa pili akaomba ahirisho (nilijua tu). Akaulizwa sababu, akababaika, likakataliwa. Tumemalizana kwenye usuluhishi, analipa kwa awamu. Aliyenitajia London, yenye mahakama ya namna hii tangu 1895, asante: jaji anayeijua biashara hapotezi muda kufundishwa ankara ni nini. Ila ada ya kufungua, jamani, imeniuma.