Tupeane uzoefu: Neno lililogeuzwa maana likawavunja mbavu

Mwanzisha mada, Moshi
Habari za jioni wanajamvi. Naomba tukusanye hapa maneno yaliyogeuzwa maana, au kubuniwa papo hapo, watu wakacheka mpaka basi. Sisi wa Kilimanjaro tumejaliwa, maana majina ya wilaya zetu yenyewe ni mtego: Hai, Siha, Mwanga, Same. Naanza mimi. Babu alikuwa anaumwa, shangazi akapiga simu kutoka Tanga kumjulia hali. Mdogo wangu akapokea.

"Babu yuko Hai, shangazi."
"Mungu ashukuriwe! Sasa yuko wapi?"
"Si nimekwambia, yuko Hai."
"Nimesikia yuko hai, mwanangu, nauliza yuko wapi!"

Hakuna aliyekosea pale. Kila mmoja alikuwa na maana yake iliyo sahihi kabisa, na sisi tuliokaa sebuleni tulizisikia zote mbili kwa pamoja. Kicheko kilitoka hapo.

Dada wa Kilombero, Arusha
Hapa soko la Kilombero tunapata wateja wengi kutoka Kenya, wanapitia Namanga. Binti mmoja akaniambia anatafuta kitu kizuri cha kumpelekea nyanya. Nikashangaa, nyanya apelekewe nini tena? Wenzetu nyanya ni bibi. Jirani yangu wa meza ya pili akadakia: "Nyanya wako ameiva au bado?" Binti akajibu, "Ana miaka themanini." "Basi huyo usimweke chini ya vitunguu." Yule binti alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi. Akanunua na nyanya zenyewe.

Mwalimu wa darasa la pili, Moshi
Niliwapa watoto umoja na wingi. Meno, jino. Macho, jicho. Maji? Mmoja akanyoosha mkono kwa uhakika: "Ji!" Mwingine akaniambia kijiko ni jiko dogo.

Nimelifikiria sana hili. Watoto wale hawakuivunja kanuni, waliifuata hadi mahali ambapo sisi wakubwa hatufiki. Na Kiswahili chenyewe kimekua kwa njia hiyo hiyo. Kitabu kilitoka kwenye Kiarabu, na ile "ki" ilikuwa sehemu ya neno lenyewe, lakini sikio letu likaisikia kama kiambishi, tukapata vitabu. Kipilefti ni agizo la Kiingereza la kushika kushoto, leo tunahesabu vipilefti. Madigadi ya gari ni neno la Kiingereza pia, tukadhani ile "ma" ni ya wingi, na sasa fundi anakwambia digadi moja imepinda. Hakuna anayecheka, maana tumeshayazoea. Kwa hiyo naona neno lililobuniwa ovyo halichekeshi. Linalochekesha ni lile ambalo sarufi inalikubali kabla akili haijashtuka.

Mdau wa Machame
Mwalimu umenena. Mimi naongeza la utani. Tulimzika mzee wetu, watani zetu wa Kipare wakaja. Mmoja akasimama ukingoni mwa kaburi akakataa lisifukiwe: "Tunadanganywa! Mwaka mzima mnatuambia huyu mzee yuko Hai!" Mjane, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua uso, alicheka. Wenye desturi ya utani wanajua nasema nini. Neno lile lile lililokuwa linauma likapindishwa kidogo, watu wakapata kupumua.

Mgeni wa Njiro
Mimi nimehamia Arusha kutoka Mtwara. Mwanzoni wenzangu kazini wakicheka maneno ya hapa, nilikuwa naomba nielezwe. Walinieleza vizuri sana, sikucheka hata mara moja. Halafu siku moja umeme ulikatika, mwenzetu mmoja akaanza kupapasa akitafuta simu, mwingine akamwambia, "Wewe si ndiye mwenyeji wa Mwanga?" Nilicheka kabla sijajua kwa nini.