Mtoto wa wiki tatu: ratiba ya siku ianzie wapi bila kumlazimisha?

Muulizaji
Habari zenu. Mtoto ana wiki tatu, ananyonya maziwa ya mama tu, na uzito wa kuzaliwa umesharudi. Mchana analala fofofo, usiku macho makavu. Naambiwa nimnyonyeshe kila baada ya saa tatu na nimlaze kwa saa maalumu, lakini analia kabla muda haujafika. Jioni ndiyo zaidi, anataka ziwa kila nusu saa. Umri huu anapangika kweli? Au maziwa hayatoshi?

Jibu la 1
Hongera, mama. Saa ya ukutani iache kwanza. Saa ya mwili wa mtoto huanza kujipanga taratibu kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa hiyo kwa sasa unachoweza kupanga ni mfuatano wa mambo.

Kunyonya ni mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo, lakini mara hizo hazigawanyiki sawasawa. Anaweza kunyonya mara tatu ndani ya saa mbili kisha akalala saa tatu. Ukimsubirisha ili saa ifike, ziwa linakaa limejaa, na ziwa lililojaa linaupa mwili taarifa ya kupunguza kutengeneza maziwa. Mnyonyeshe akianza kugeuza kichwa akitafuta, kulamba midomo au kupeleka mkono mdomoni. Ukingoja kilio umechelewa: mtoto anayelia ulimi wake uko juu, hashiki ziwa vizuri, anameza hewa, halafu tumbo linamsumbua.

Mfuatano wenyewe: akiamka, ziwa la kwanza; akianza kusinzia, mbadilishe nepi, hapo ataamka kidogo; ziwa la pili; mweke wima begani acheue; dakika chache za kuzungumza naye au kumlaza kifudifudi kifuani pako; kisha usingizi. Kuanzia alipofumbua macho hadi anapolala tena isizidi sana dakika 45 hadi 60, kunyonya kukiwemo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani akichoka sana atalala zaidi, kumbe mtoto aliyepitiliza hukunja ngumi, hujipinda mgongo na kulia, na kumtuliza kunachukua muda mrefu. Akianza kukwepa macho yako au kukodoa tu pasipo na kitu, mlaze.

Jibu la 2
Naongezea hilo la mchana na usiku, maana linarekebishika. Asubuhi fungua mapazia, muda ule ule kila siku kadiri inavyowezekana. Mchana alale kwenye mwanga na sauti za kawaida za nyumba, na akipitisha saa tatu bila kunyonya mwamshe: mvue nguo kidogo, msugue nyayo. Usiku fanya kinyume chake. Taa hafifu, hakuna mazungumzo, usimtazame sana machoni. Nepi ibadilishwe kama ina choo au imelowa sana, na iwe kabla ya kunyonya au katikati, isiwe mwisho. Ukimbadilisha mwisho unamwamsha mtoto uliyekwisha kumlaza.

Na tafadhali usimnyanyue kwa kila mguno. Nusu hivi ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi wa kuchezacheza: anajinyoosha, anakunja uso, hata anatoa kilio kifupi akiwa bado amelala. Subiri dakika moja ukimwangalia. Mara nyingi anarudi mwenyewe.

Jibu la 3
Jioni kunyonya mfululizo ni kawaida kabisa, na peke yake si dalili ya maziwa kupungua. Kilio nacho huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kileleni karibu wiki ya 6, kisha hupungua. Kama maziwa yanatosha, nepi na mizani vitakuambia: nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali, na uzito unaopanda gramu 150 hadi 200 hivi kwa wiki. Hivyo vikiwepo, usiongeze chupa ya jioni. Maji pia asipewe kabla ya miezi sita, hata kukiwa na joto. Yanajaza tumbo na hayamjengi.

Muulizaji
Asanteni sana. Na kuoga? Nimwogeshe jioni ili alale?

Jibu la 1
Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, siku nyingine mfute uso, shingo, mikunjo na sehemu za nepi. Jioni inafaa iwapo maji yanamtuliza. Akitoka analia na kusisimka, hamishia asubuhi, usishikilie jioni kwa sababu tu umeisoma mahali. Maji yawe nyuzijoto 37 hivi (kiwiko kisihisi moto wala baridi), dakika 5 hadi 10, na si mara tu baada ya kunyonya kwa sababu atacheua.

Jibu la 2
Popote utakapomlaza, mchana au usiku: chali, godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila blanketi lililolegea. Ukihisi unasinzia naye kwenye kochi, ondoka hapo mara moja, kochi ni hatari kuliko kitanda. Ukimviringisha kitambaa, nyonga na miguu viwe huru kukunjika, na uache kabisa akianza kujaribu kugeuka.

Jibu la 3
Nyuzijoto 38 au zaidi, kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, au mtoto aliyelegea asiyeamshika: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usihesabu kuwa ni usingizi mzuri.

Kwa upande wa ratiba, andika kwa siku tatu muda wa kila kunyonya na kila kulala, bila kubadilisha chochote. Tafuta usingizi mmoja unaojirudia karibu muda ule ule, kwa wengi huwa ule wa kwanza wa asubuhi. Anza kuulinda huo mmoja tu, mingine iache ifuate.