Naomba ushauri: nimwalike mama kwenye maonyesho yangu au nimwache?

PindoTupu: Wakuu habari zenu. Nimekwama, na Jumamosi ni kesho kutwa. Mimi mzaliwa wa Unguja, nililetwa Leicester, Uingereza, nikiwa na miaka 6. Nachora. Kazi yangu imekubaliwa kwenye maonyesho ya watu wanne kuhusu wahamiaji. Nimetumia kanga ya zamani: mji, yaani ile sehemu ya katikati, nimeukata wote, nimebakisha pindo na jina, nikaitundika dirishani. Ukisimama mbele yake, pale palipokuwa mji unaona barabara ya Leicester, mvua na magari. Miaka 23 nimetafuta namna ya kusema kwetu ni wapi, na hii ndiyo kazi ya kwanza ninayoiamini. Mama hajui kitu. Nimwalike?

MamaWawili: Mwalike, mama ni mama. Wanangu wako Toronto, mkubwa namsalimia Kiswahili ananijibu Kiingereza. Angenichorea hata ukingo wa kanga ningelia siku nzima. Umeolewa?

MpembaWaMuscat: Hayo ya kwetu ni wapi sisi huku tunayajua. Wazee waliokuja Oman baada ya 1964, nyumbani mwao mpaka leo ni Kiswahili, na wenyeji wanawaita Wazanzibari. Babu yangu amekufa anauliza bei ya karafuu Pemba.

FundiCherehani: Kanga ya nani?

PindoTupu: Ya nyumbani tu, ya zamani.

FundiCherehani: Dada, mimi napinda kanga kila siku. Nyumbani kwa nani? Na jina lake linasemaje?

PindoTupu: "Japo sipati tamaa sikati." Ni ya mama. Siku tunaondoka bibi alitoa doti mpya, wakaikata palepale uani. Kipande kimoja kikabaki kwake, kingine mama akajifunga safarini. Bibi alipofariki hatukuweza kwenda, na kipande chake hatujui kiliishia kwa nani. Mama anajua chake kimo sandukuni. Lakini wakuu, ile kanga walishaikata wao kabla yangu! Ningenunua mpya dukani ningekuwa napamba ukuta tu.

KobeHabebwi: Jina linasema sikati, wewe umekata 😳

MamaWawili: Ya Rabi. Mama yangu alipofariki tuligawana kanga zake watoto wanne. Yangu sijaifua mpaka leo, ina harufu ya udi wake. Mwanangu, hukumwomba hata ruhusa?

MwanaNgambo: Mtafute msanii Lubaina Himid. Kazaliwa Unguja 1954, kapelekwa Uingereza mchanga baada ya baba yake kufariki, na mwaka 2017 akashinda tuzo ya sanaa ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Naye kafanya kazi za kanga, maneno na pindo zote, ila kazichora kwenye karatasi. Mkasi hauhitajiki kila mahali.

PindoTupu: Namjua na namheshimu. Ila karatasi haijawahi kupanda ndege na mama yangu.

ChaiYaMkandaa: Wakuu mnakunywa chai hapa. Mtu kaondoka na miaka 6, kakulia Leicester, Kiswahili kimenyooka hivi? Mtunzi huyu yuko Kinondoni. Weka picha.

MpembaWaMuscat: Kweli, hata mimi hapo kwenye "palepale uani" nilistuka.

PindoTupu: Kwetu Kiingereza kilivuliwa mlangoni pamoja na viatu. Ukisahau, mama hakujibu mpaka urudie kwa Kiswahili, hata kama unaomba maji. Kazini wananiuliza natoka wapi hasa, na nyinyi mnanikatalia nisemako natoka. Picha siweki kabla yeye hajaiona.

ChaiYaMkandaa: Mie bado nina shaka.

FundiCherehani: Mwacheni. Dada, mji ulioukata uko wapi?

PindoTupu: Ndani ya foronya yangu.

FundiCherehani: Umekata kwa mkasi au umechana?

PindoTupu: Mkasi. Taratibu, usiku kucha, kufuata mstari mweusi.

FundiCherehani: Basi unarudishika ukitaka, japo mshono utaonekana. Mpelekee mji wake leo, mkononi, kabla hajausikia kwa watu. Ukisubiri aione kanga ukumbini mbele ya wageni utakuwa umemkata yeye.

MamaWawili: Na useme shikamoo kwanza, usianze na maonyesho.

KobeHabebwi: Akitaka ishonwe je? Kazi ndo imekwisha hiyo.

PindoTupu: Nimelifikiria hilo njia nzima kwenye basi, sina jibu. Niko mlangoni kwake. Viatu nimeshavua.